Tunaokota plastiki ufukweni kila mwezi na bado zinarudi: niwafundishe nini wanafunzi wangu?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Pangani, na ni mlezi wa klabu ya mazingira yenye wanafunzi 40 hivi. Huu ni mwaka wa tatu tunasafisha ufukwe kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tunajaza viroba kumi na kitu, halafu wiki mbili baadaye ufukwe uko vilevile. Mwezi uliopita mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza mbele ya wenzake: 'Mwalimu, tunaokota mpaka lini?' Sikuwa na jibu. Wazazi wawili wamenifuata wakilalamika kwamba watoto wao wamegeuzwa wazoa taka. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, anasema taka zote hizi zinatoka nje ya nchi, kwa hiyo tunajichosha bure. Na kilichoniumiza zaidi, siku ileile ya usafi niliwaona wanafunzi wangu wananunua barafu njiani na kutupa kifuko mtaroni. Tunachokusanya huwa tunakichoma hapohapo. Je, elimu hii inasaidia kweli, au kuna kitu nibadilishe?"

Mwalimu, kwanza pole, halafu hongera. Miaka mitatu ya kuamka Jumamosi na watoto 40 si jambo dogo. Hofu yako nimeielewa hivi: unahisi umekuwa ukiwafundisha vijana kuteka maji kwa pakacha. Nikujibu moja kwa moja. Elimu inasaidia, ila kuokota taka peke yake ni kazi ya mikono tu. Inageuka elimu pale mwanafunzi anapojua alichokiokota ni nini, kimetoka kwa nani, kimepita wapi, na yeye angeweza kufanya nini kabla hakijafika mchangani. Kijana wako wa kidato cha pili ameuliza swali ambalo nami nalipitia kila siku, kwa hiyo usilionee aibu.

Tuanze na mzee wetu mvuvi, maana ana sehemu ya ukweli na haifai kumpuuza. Mkondo mkubwa wa maji unavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kuja magharibi, unapita kaskazini ya Madagaska na kuigonga pwani yetu upande wa kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji. Hapo unagawanyika, na tawi moja linapanda kaskazini kupita Mtwara, Kilwa, Mafia, mpaka kwenu na kwenda mbele. Wakati wa kusi, yaani pepo za kusini, linakwenda kasi zaidi. Kwa hiyo ndiyo, chupa ya Indonesia inaweza kabisa kuja kulala Pangani. Lakini mtafiti Peter Ryan wa Afrika Kusini alizikagua chupa kwenye fukwe za Kenya, na mwaka 2020 akachapisha alichokiona: kwenye fukwe zilizo karibu na miji, chupa nyingi zilikuwa za hapohapo Kenya, na zile za Asia zilionekana zaidi kwenye fukwe za mbali zinazoelekea bahari kuu. Pangani ina mji, ina bandari, na ina mto unaokusanya maji tangu Kilimanjaro na Meru na kupita Korogwe na Hale kabla ya kuwafikia. Mnapokea za mbali, na mnapokea za nyumbani.

Hili wanafunzi wako wanaweza kulithibitisha wenyewe, wala hawahitaji maabara. Shika chupa iliyookotwa. Kama lebo bado imeshika, rangi haijapauka, na tarehe ya kutengenezwa ni ya miezi michache nyuma, hiyo haijasafiri mbali. Kama lebo imekwisha, plastiki imekuwa kavu na nyeupe kama mfupa, na shingoni kumeng'ang'ania wale viumbe wadogo wenye magamba wanaoshika tumbo la jahazi, basi hiyo imeelea baharini muda mrefu. Magamba hayo hayaoti kwenye chupa iliyotupwa jana mtaroni. Nimewahi kumwona mtoto wa darasa la sita akiipindua chupa ya aina hiyo kwa dakika nzima bila kusema neno, kisha akauliza, "Hii imetoka wapi mpaka ikapata wapangaji?" Tangu hapo hakuokota kitu tena bila kukisoma kwanza. Mwaliko wangu kwako ni kwamba mwalike na huyo mzee. Mpeni chupa kumi azipange mwenyewe, huku na huku. Anajua pepo na mikondo kuliko wewe na mimi, na akishawishika yeye, wavuvi wenzake watamsikiliza.

La pili, na hapa naomba ulibadilishe wiki hii: acheni kuchoma. Najua kwa nini mnachoma. Viroba kumi vimejaa, gari la halmashauri haliji, na kuviacha ni kuvirudishia upepo. Lakini mchanganyiko wa plastiki ukiungua kwenye moto wa wazi hutoa moshi wenye sumu, nyingine za aina ya dioksini, na wanaouvuta ni hao watoto waliosimama kuuzunguka. Kinachobaki chini si majivu matupu, ni vipande vilivyoyeyuka na chembe ambazo maji yakijaa yatazibeba. Kufukia mchangani nako hakufai, kwani bamvua moja, yaani maji yanapojaa sana, ikiwa na mawimbi inavifukua vyote. Kabla ya usafi unaofuata, nenda kwa afisa mtendaji mkakubaliane taka zitawekwa wapi na nani atazichukua. Kama hakuna makubaliano, okoteni kidogo kwa kadiri mnavyoweza kuhifadhi: chupa na plastiki ngumu kwenye kiroba kimoja cha kumsubiri mnunuzi, vingine mahali pakavu palipofunikwa, mbali na maji. Viroba vitatu vyenye pa kwenda ni bora kuliko kumi vya kuchomwa.

Sasa nije kwenye somo lenyewe. Vijana wengi wanaamini plastiki ni taka kama taka nyingine: itaoza, itachelewa tu. Haiozi kama ganda la muhogo. Jua na chumvi huikausha, mawimbi huivunja, na inakuwa vipande, kisha chembe, kisha vumbi ambalo macho hayalioni tena. Wengi pia wanaamini plastiki ya baharini ni ile inayoelea. Hapa nakupa jaribio ninalolipenda kuliko yote, na linahitaji ndoo moja tu. Chota maji ya bahari. Kata kipande cha ubavu wa chupa ya maji ya kunywa, chukua kifuniko cha chupa hiyohiyo, kipande cha kandambili, na kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia. Kabla ya kutumbukiza, waambie wanafunzi wabashiri kwa kunyoosha mikono. Karibu wote watasema kipande cha chupa kitaelea, kwa kuwa wameona chupa zikielea maisha yao yote. Kitumbukize, ukikisugua kwa kidole kuondoa viputo vya hewa, maana kiputo kimoja kinatosha kuharibu jaribio. Kitazama. Mshipi utazama. Kifuniko na kandambili vitaelea. Chupa nzima huelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani na kifuniko kilichoifunga. Ikipasuka au kufunguka, inakwenda chini.

Acha kimya kikae hapo kidogo. Kisha uliza: kama nusu ya tulivyonavyo vinazama, tunachokiona mchangani ni sehemu gani ya kilichopo? Huhitaji kuwaambia zaidi ya hapo. Wengi wao baba zao ni wavuvi. Watazifikiria nyavu zinazopandisha chupa na viatu.

Kinachotokea huko chini kinatofautiana kwa makazi, na ni vizuri wajifunze kwa makazi wanayoyafahamu. Anzieni kwenye mikoko, iko mlangoni kwenu. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, unapumua kwa mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimikwa. Mfuko au turubai likilala juu ya mizizi hiyo linaiziba. Watafiti waliojaribu jambo hili kaskazini ya kisiwa cha Java, Indonesia, waliona mikoko inavumilia mizizi yake ikifunikwa nusu, lakini ikifunikwa yote mti unapukutisha majani na unaweza kufa. Napenda kuwapa vijana habari hii kwa sababu ina pande mbili: mti una ustahimilivu, na mkono wa mtu anayetoa turubai mapema unaleta tofauti. Mizizi ya mikoko hunasa taka zinazoshuka na mto, kwa hiyo saa moja ya kusafisha chini ya michu inaweza kuwa na faida kuliko saa tatu za ufukwe wa wazi. Vaeni viatu vya kufunga, msikanyage miche, na kilichozama ndani ya tope mkiache.

Kasa wanajulikana kwa kula mifuko wakidhani ni konyeza, wale viumbe laini wanaoelea baharini. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa kasa wachanga waliolelewa kwenye tangi. Plastiki iliyokaa baharini wiki kadhaa, ikapata utando wa viumbe vidogo, iliwafanya kasa wale wainue pua na kunusa kama walivyonusa chakula. Plastiki safi haikuwafanya hivyo. Maana yake, kasa hadanganywi na macho peke yake. Plastiki ikikaa majini inanukia chakula. Na matumbawe je? Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa miamba 159 katika nchi za Asia na Pasifiki, matumbawe zaidi ya 124,000 yalikaguliwa. Yasiyoguswa na plastiki, uwezekano wa kuugua ulikuwa asilimia 4. Yaliyogusana na plastiki, asilimia 89. Plastiki huyakwaruza, huyaziba mwanga, na inaweza kubeba vijidudu. Vijana wakisikia namba hizo mbili huwa wanaomba nirudie.

Lakini kujua hakutoshi, na kifuko cha barafu kimekuonyesha hivyo. Naomba usiwahukumu wale watoto kuwa ni wanafiki. Fikiria walivyokuwa: wametoka juani, wana kiu, wamenunua barafu ya ukwaju kwa mama pale kona, wameimaliza kwa kutembea, mkononi kimebaki kifuko chenye kunata, na kutoka pale mpaka nyumbani hakuna pipa hata moja. Mtaro upo hapo, na una vifuko vingine mia. Mtu mzima angefanya nini? Tabia ya kutupa inashikwa na mazingira kuliko inavyoshikwa na ujuzi, kwa hiyo badilisha kile kituo, wala usiongeze hotuba. Watume wanafunzi watatu waliochaguliwa na wenzao wakazungumze na mama wa barafu kwa heshima, shikamoo kwanza. Waombe waweke ndoo pembeni ya deli lake na wao waahidi kuimwaga kila siku. Mteja anamalizia barafu palepale, kifuko kinaingia kwenye ndoo. Hatua ya pili, wakishazoeana, ni kuuliza kama baadhi ya barafu zinaweza kugandishwa kwenye vikombe vinavyorudishwa. Huenda akakataa, kwa sababu vikombe vinapotea na vinahitaji maji ya kuoshea, na hizo ni hoja za kweli za mtu anayetafuta riziki. Vijana wanapaswa kuzisikia. Kifuko bado kitakuwa plastiki na ndoo haitamaliza tatizo, lakini mtaro huo ndio unaomwaga mtoni, na wataona kwa macho yao kuwa umepungua.

Kuhusu wazazi waliolalamika, mimi niko nao nusu njia. Katika shule zetu nyingi kuokota taka ni adhabu. Umechelewa namba? Okota makaratasi. Umeongea Kiswahili kwenye shule ya Kiingereza? Zoa uwanja. Mtoto amekua akijua kuwa anayeinama chini kuokota ni aliyekosa. Kisha Jumamosi tunamwambia jambo lilelile sasa ni heshima. Mzazi anaona mwanawe anainama ufukweni mbele ya watu, na anasoma alichofundishwa yeye mwenyewe akiwa shuleni. Ongea na mkuu wa shule adhabu ya kuokota taka iondolewe kabisa. Nalisema hili kwa uzito wote. Sijaona klabu ya mazingira iliyoota mizizi kwenye shule ambayo taka ni fimbo. Halafu waalike wazazi siku ya kuhesabu, waone wanachofanya watoto wao, na kila mtoto awe na glovu na viatu. Niliwahi kualikwa kwenye usafi wa ufukwe uliofadhiliwa vizuri, watoto mamia, fulana mpya. Saa sita wakagawiwa juisi za chupa za plastiki na biskuti, na tulipoondoka makaratasi ya biskuti yalikuwa yanapeperuka mchangani. Hakuna mtoto aliyekosea siku ile. Sisi watu wazima ndio tuliopanga vibaya.

Nimesema kuhesabu, na hapa ndipo ningewekeza nguvu zako zote. Pimeni mita 100 za ufukwe kwa kamba, muweke alama zisizong'oka, mnazi au jiwe. Pimeni nyingine 100 mbali na mdomo wa mto. Kila mwezi nendeni maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua, mkaanze kwenye ule mstari wa mwani mkavu unaoachwa na maji yaliyojaa, maana taka hulala hapo. Okoteni kila kitu ndani ya hizo mita, kisha kaeni kivulini mpange kwa aina: vifuniko, chupa, vifuko vya barafu na vya ubuyu, kandambili, pampasi, kamba na nyavu, vichungi vya sigara, ambavyo navyo ni plastiki ingawa vinafanana na pamba. Hesabuni, andikeni kwenye daftari moja lisilobadilika. Msipime kwa viroba, kwa sababu kiroba kimoja cha magaloni na kiroba kimoja cha vifuniko ni habari mbili tofauti. Baada ya miezi sita mtajua mambo ambayo hakuna ofisi inayoyajua kuhusu Pangani: kama masika yanaongeza taka upande wa mto, mto ndio mlango. Kama nyavu ni nyingi kuliko vifuko, mazungumzo yenu ni na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, kabla ya kwenda dukani.

Hesabu inampa kijana sauti ambayo mabango hayampi. Watoto wa Uingereza wa miaka 8 hadi 13 walipofundishwa kuhusu taka za baharini, watafiti waliona uelewa wao umepanda na wao wenyewe walisema wanachukua hatua zaidi, pamoja na kuwahimiza watu wa nyumbani. North Carolina, Marekani, wanafunzi waliosomeshwa jambo hili na kulipeleka mbele ya jamii yao waliwafanya watu wazima, hata viongozi, wajali zaidi. Kwetu tumeona sheria zikibadilisha kilicholala chini: pombe za viroba zilipigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea ikafuata Juni 1, 2019, na Zanzibar ilikuwa imeanza na mifuko tangu 2006. Vifungashio laini vinavyotumika kama mifuko bado vipo, na hilo ni jambo zuri kwa wanafunzi wako kulipeleka kwenye mkutano wa kijiji wakiwa na daftari mkononi.

Utashawishiwa na njia nyingine pia. Kuuza chupa kwa kilo ni jambo jema na linaweza kununua glovu, ila mnunuzi anataka chupa na plastiki ngumu tu. Vifuko vyembamba hakuna anayevitaka, na ndivyo vingi. Kujaza vifuko ndani ya chupa na kujengea viti vya bustani kunawafurahisha watoto, lakini jua litazila chupa hizo, kwa hiyo vipakwe udongo au saruji, na msikihesabu kuwa kimeondoka duniani. Mfano mkubwa wa ubunifu uko Lamu, ambako fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi kwa tani zipatazo 10 za plastiki, likafunikwa kwa kandambili 30,000 za kuokotwa, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar likipita vijiji na shule njiani. Waonyesheni vijana picha zake. Faida yake kubwa ilikuwa mazungumzo, kwani jahazi moja haliwezi kumaliza kandambili za pwani nzima.

Na kitu kimoja ambacho barua yako haikukitaja: wanafunzi wako wameiona bahari kwa ndani? Vijana wengi wa pwani, wasichana hasa, wamekua wakisikia mawimbi usiku na hawajawahi kufungua macho chini ya maji. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambako mwamba umehifadhiwa tangu 1994, kimekuwa kikipokea wanafunzi na kuwavalisha miwani ya kuzamia waone matumbawe. Hamna haja ya kwenda huko. Maji yakikupwa, mpate miwani ya kuzamia mitatu minne ya kuazima, maji ya kiunoni, mtu mzima anayeogelea vizuri kwa kila kikundi kidogo, na majaketi ya kuokolea. Hata kutembea kwenye majani ya bahari na kumwona samaki tasi mmoja akijificha kunatosha. Mimi ningeanza na siku hiyo, kabla ya ndoo na daftari.

Kuna mambo ambayo hampaswi kuyashika wenyewe. Mkikuta sindano, dawa au taka za hospitali, wanafunzi warudi nyuma, wekeni alama, mwite afisa afya. Aliyechomwa au kukatwa aoshwe kwa maji na sabuni na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa ajili ya pepopunda na mengineyo, hata kama jeraha ni dogo. Wavu ulionasa kwenye matumbawe msiuvute, mtavunja mwamba. Waiteni BMU au afisa uvuvi. Mkimkuta kasa hai amenasa au amelegea, msimrudishe majini haraka. Mwekeni kivulini, mfunikeni kitambaa kibichi bila kuziba pua, wazuieni watu na mbwa, na mpigieni afisa uvuvi au watu wa Sea Sense, ambao wamefanya kazi ya kasa na vijiji vya pwani kwa miaka mingi. Pigeni simu mapema. Iandikeni namba kwenye jalada la daftari.

Daftari hilo litahitaji karani mmoja wa kudumu, wa kukaa nalo mpaka kidato cha nne na kumkabidhi mwingine. Mpe yule kijana aliyekuuliza "mpaka lini".